Mwaka Shevanta Alipokataa Pakiti

Asubuhi Shevanta aliinjika sufuria ya chai, akamimina maji ya watu watatu. Kisha akakumbuka, akayapunguza. Chai ya mtu mmoja haikawii kuchemka. Aliinywa kavu, amekaa kizingitini, akiitazama barabara ya vumbi iendayo mjini.

Mume wake, Dewaji, aliondoka kwa barabara hiyo baada ya mavuno ya pamba. Alikwenda Haidarabadi kubeba zege kwenye majengo. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye alipiga mara mojamoja. Mwishowe simu yake ikawa haipatikani.

Binti yao, Chaya, naye hakuwepo. Alichukuliwa na mjomba wake, kaka yake Shevanta, anayekaa kijiji cha mbali. "Dada," mjomba alisema siku ile, "mtoto hawezi kusoma na njaa. Ukiwa na unga ndani, njoo umchukue." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yale yalimuuma Shevanta zaidi.

Si kwamba Shevanta na Dewaji walikuwa wavivu. Walikuwa na ekari nne za udongo mweusi, udongo unaoshika maji vizuri. Lakini walipanda pamba tupu, kutoka mpaka hadi mpaka, karibu kuingia nayo jikoni. Kila mvua zilipokaribia, Dewaji alikwenda dukani kwa Motiram. Motiram aliuza mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Aliuza pia unga, mafuta na chumvi. Tena pamba ikiiva, mnunuzi alikuwa yeye huyo huyo. Alikopesha vitu, akalipwa pamba, na bei alipanga yeye.

Mwaka wa mvua nzuri walilipa, wakabaki na kidogo. Mwaka mbaya deni lilizaa. Halafu akaja funza mwekundu. Funza huyo huingia ndani ya tumba la pamba na kulila kimyakimya. Kwa nje tumba linaonekana zima, ukilipasua limeoza. Dewaji alipuliza dawa, akakopa nyingine, akapuliza tena. Siku moja alirudi kutoka shambani anatapika, macho hayaoni vizuri. Yeye alipona. Pamba haikupona. Maksai wao wawili wakachukuliwa kufidia deni, na bado deni halikuisha.

Tangu hapo Shevanta alianza kuwakimbia watu. Aliacha kwenda harusini, kwa kuwa hakuwa na zawadi. Aliacha kupita mbele ya duka. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye majani, ili asiitwe. Wanawake kisimani walipomwona, walipunguza sauti. Labda hawakuwa wakimsema yeye. Lakini aliibeba ndoo yake na kuondoka haijajaa.

Siku moja, joto likiwa limepamba moto na mvua zikisubiriwa, Motiram alikuja mwenyewe nyumbani.

"Hodi, Mama Chaya! Mbona umepotea hivyo? Au dukani kwangu kuna simba?"

"Nipo, kaka. Kazi tu."

"Mbegu zimefika. Dewaji hayupo, lakini shamba lipo. Nitakuwekea pakiti zako kama kawaida."

"Na deni la nyuma?"

"Aa, la nyuma lina haraka gani? Likitushinda, si kuna shamba?" Motiram alicheka.

Shevanta hakucheka. Alisimama mlangoni mpaka vumbi la pikipiki ya Motiram likatulia.

Kesho yake alikwenda kulima kibarua kwa Anusaya. Anusaya alikuwa mjane, mtu mzima, shamba lake liko mwisho wa kijiji. Wenye utani walimwita Mama Mwarobaini. Wengine walisema ni kwa sababu ya dawa zake zinazonuka, wengine kwa sababu ya ulimi wake.

Mchana walikaa kivulini kula. Anusaya alifungua mkate wa mtama, choroko za kuungwa na pilipili ya kusaga. Shevanta alifungua wali mkavu na chumvi.

"Mchele huo umelima wewe?" Anusaya aliuliza.

"Nilime wapi? Mimi nalima pamba."

"Pamba inaliwa?"

"Dada, usinichokoze. Nina yangu."

"Sikuchokozi. Nilikuwa na deni kama lako. Siku moja nilikuwa nanunua dengu dukani, nikajiuliza, mkulima gani huyu anayenunua hata dengu?" Alikata mkate wake katikati, akaweka nusu kwenye bakuli la Shevanta. "Kula."

Shevanta alikula. Machozi yalitaka kumtoka, akayameza pamoja na mkate.

"Ulitokaje?" aliuliza baadaye. "Mbona hujaniambia siku zote hizi?"

"Nikuambie saa ngapi? Ukiniona unapita nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku!"

Shevanta alicheka kidogo. Alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Anusaya alimpeleka katikati ya shamba, akachora mistari ardhini kwa ncha ya jembe. "Pamba si dhambi," alisema. "Hata mimi napanda mistari michache. Kosa ni kuipa shamba lote, tena kwa mkopo. Ikifa, unakufa nayo. Wewe anza na tumbo. Hapa mtama, hapa mtama, hapa katikati mbaazi. Mizizi ya mbaazi huzama chini sana, haigombanii maji na mtama. Huku choroko. Zinaiva upesi, utakula mvua zingali zinanyesha. Tena choroko na mbaazi hurutubisha udongo. Gunia la mbolea ya dukani utalisikia kwa jirani."

"Mbegu nitapata wapi?"

"Kwangu. Ukivuna, nirudishie kipimo kile kile, na kingine umpe mwenzako asiye nacho. Zile mbegu za pakiti ni za mwaka mmoja. Ukizipanda tena, watoto hawafanani na mama. Ndiyo maana kila mwaka unarudi dukani. Lakini mtama huu wa kienyeji, unachagua masuke manene, unayakausha, unachanganya punje na majivu, unahifadhi. Mwakani mbegu ni yako."

"Na wadudu je?"

"Wapo. Ng'ombe wangu anakojoa bure, na mwarobaini umejaa njiani. Twanga majani, yaloweke kwenye mkojo, chuja, ongeza maji, nyunyizia mapema wadudu wakiwa wachache. Haiui kila kitu, sikudanganyi. Lakini haitakutapisha wala haitakudai."

Shevanta aliuliza lile lililomkaa moyoni. "Na Motiram?"

"Deni ulilokula ni lako, utalilipa. Ila usiongeze jipya. Sisi wanawake tuna kikundi cha akiba. Ingia. Tutakwenda nawe kwa Motiram, deni litajwe mbele ya watu, mpatane namna ya kulipa kidogokidogo. Tena usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Watu wamepoteza mashamba kwa dole gumba."

Jioni hiyo Shevanta alimpigia Dewaji simu. Alitaka kumwuliza, kwa maana shamba lilikuwa la wote wawili. Simu haikupatikana. Alikaa gizani na ile simu mkononi kwa muda mrefu. Hapakuwa na wa kumwuliza. Ikabidi aamue peke yake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, alipita mbele ya duka. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa chai. Motiram alikuwa ameshapanga pakiti mezani.

"Karibu, Mama Chaya. Hizi hapa zako."

"Nashukuru, kaka. Mwaka huu sichukui."

Wanaume wa kwenye benchi waligeuka.

"Huchukui? Utapanda nini, mawe?"

"Mtama. Na mbaazi."

Mmoja wa wanaume aliangua kicheko. "Mtama! Huyu anataka turudi enzi za bibi zetu!"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "anafuga ndege!"

Motiram hakucheka. Alizirudisha pakiti kwenye rafu, mojamoja. "Sawa," alisema. "Basi hata mafuta na chumvi, kuanzia leo, utalipa taslimu. Na deni langu nalitaka."

"Utalipata. Nitakuja na wenzangu tuzungumze."

Anusaya alimkopesha maksai wake, na Shevanta akamlipa kwa kumpalilia. Alipanda kama alivyoelekezwa. Kwenye pembe moja aliweka mistari michache ya pamba.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mgao wa mchele wa serikali uliisha katikati ya mwezi. Alifanya vibarua kwenye pamba za watu, akanunua mafuta ya kijiko kimoja kimoja. Alichuma mchicha pori kando ya mitaro. Siku ya Pola, sikukuu ya maksai, kijiji kizima kilipaka pembe za wanyama wao rangi na kuwavika mashada ya maua. Ngoma zilipita. Shevanta alifunga mlango, akakaa ndani akizisikiliza mpaka zikaisha.

Lakini choroko zilikuwa zimeanza kuiva. Siku aliyopika bakuli la kwanza la choroko zake, alikula polepole. Hakuwa amezinunua. Hakuna aliyemdai. Alitamani tu awepo mtu wa kumwambia kuwa zimeiva vizuri.

Mtama ulipoanza kujaza punje, ndege wakaja. Upande ule wa kijiji shamba la mtama lilikuwa moja tu, kwa hiyo ndege wote walikuwa wake. Alijenga dungu la miti, akapanda juu na debe bovu. Aligonga debe, akapiga kelele, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Akishuka kunywa maji, walitua. Akifukuza wa kusini, walitua kaskazini. Sauti ilimkauka. Usiku nguruwe mwitu walipita. Alianza kufikiri kwamba wale wa kwenye benchi walisema kweli.

Asubuhi moja alisikia dungu linayumba. Anusaya alikuwa anapanda, anahema.

"Shuka ukalale," alisema.

"Na mtama?"

"Nina macho, nina mdomo, na mdomo wangu unaujua. Mchana atakuja Bebi, jioni Lilabai. Tumegawana zamu kikundini." Aliangalia masuke yaliyoliwa, akatikisa kichwa. "Ndege wa mashamba mengi hugawana, wa shamba moja humaliza. Mwakani tutapanda mtama sote, mashamba ya kupakana."

"Mbona mnahangaika kwa ajili yangu?"

"Kwani wewe si mtu? Shuka, bwana, miti yenyewe haitubebi wawili!"

Shevanta alishuka. Alilala mpaka mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Dewaji aondoke.

Ndege walikula sehemu, lakini mtama uliobaki ulijaza magunia ya kumtosha mwaka. Kabla ya kula, alitenga masuke manene ya mbegu, akayakausha, akachanganya punje na majivu. Alirudisha kipimo cha Anusaya. Kisha alisaga unga, akaufunga kwenye kitambaa, akapanda basi hadi kwa kaka yake.

Kaka yake alikipima kile kifurushi kwa mikono. "Huu umenunua wapi, dada?"

"Nimelima. Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Chaya alikuwa amerefuka. Njiani kurudi hakusema mengi, na Shevanta hakumlazimisha. Walikuwa hawajazoeana tena. Walipofika, mtoto alifunua mtungi wa nafaka, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Mama, yote hii ni yetu?"

"Yetu."

Wanawake wa kikundi walikwenda naye kwa Motiram, wakakaa kwenye lile benchi la wanaume. Motiram alilitaja deni mbele yao, na riba ikajadiliwa mpaka ikapungua. Shevanta alilipa fungu la kwanza kwa pesa ya choroko na pamba yake kidogo. Wakapatana kwamba lililobaki litalipwa kila mavuno, na shamba lisiguswe. Deni halikuisha siku ile. Lakini halikuzaa jingine.

Mtama ukawa umekatwa, zikabaki mbaazi. Zilisimama kupita kichwa cha mtu, zimejaa maganda. Alasiri moja Shevanta na Chaya walikuwa ndani yake wakichuma. Katikati ya matawi, Shevanta alimwona mtu anakuja kwa barabara kutoka kituo cha basi. Alikuwa amekonda, mfuko begani. Alifika mbele ya shamba, akasimama, akalitazama. Halafu akainamisha kichwa, akapita, kama mtu anayepita kwenye shamba la wengine.

"Baba Chaya!" Shevanta aliita. "Unapita kwako?"

Dewaji aligeuka. Hakuona mtu, aliona mbaazi tu.

"Kwangu?" alisema. "Sikuona pamba. Nikajua Motiram ameshalichukua. Tangu kule nilijua atalichukua. Ndiyo maana nilizima simu. Ningekuuliza nini?"

Shevanta alitokeza ukingoni mwa shamba. Alikuwa amepanga kumwambia maneno mengi makali, miezi yote ile, peke yake jikoni. Sasa aliona vidole vya Dewaji vilivyopasuka kwa saruji. Alipasua ganda la mbaazi, akamwekea punje mbichi kiganjani.

Dewaji alizila akiwa amesimama barabarani. Alitafuna polepole, macho yamejaa maji.

"Shamba ni lako?" aliuliza.

"Letu. Chaya yumo ndani humo. Ingia." Alimpa kikapu. "Anza upande ule. Jua linazama, na mbaazi hazijichumi zenyewe."