Zamu ya Mama

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubadilisha betri tu. Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa yule mama mshonaji, betri mpya begani na njaa tumboni, nikijipa moyo kwamba nitamaliza kabla chakula hakijapoa nyumbani. Mimi ni fundi wa betri za akiba, zile zinazoshika kazi umeme ukikatika. Ni kazi isiyo na hadithi. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, unaaga.

"Kompyuta isizime," mama alisema hata kabla sijavua viatu. "Hata kufumba na kufumbua. Ikizima, fundi, umeniua."

Nikacheka. Wateja wote husema hivyo, hata mwenye friji ya soda. Yeye hakucheka.

Sebule ilikuwa ndogo, imejaa sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo, zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Washonaji wote ninaowajua huweka cherehani dirishani penye mwanga. Ya kwake ilielekea ukutani, kwenye meza yenye kompyuta kuukuu, ile ya kioo kinene na mgongo mrefu. Pembeni ya meza palikuwa na mlango wa stoo, umepigwa kufuli.

Nikatazama kioo, nikatabasamu peke yangu. Mchezo ule niliujua. Ujanani uliniangusha mtihani. Ni mchezo wa dunia iliyokwisha kuungua: miji ni vifusi, maji ni sumu, nawe una mtu mmoja mdogo wa kumwongoza apate njia. Si wa kukimbizana kama ya siku hizi. Unachezwa kwa zamu. Unabonyeza, mtu wako anapiga hatua au anafyatua risasi, kisha adui naye anapewa zamu yake. Usipobonyeza, hakuna kinachosogea. Unaweza kwenda kulala, ukarudi ukamkuta adui kakuinulia kucha vilevile.

Mtu wa kwenye kioo alikuwa amesimama ndani ya chumba kilichobomoka. Karibu naye palikuwa na kitu cheusi. Chini, maandishi ya kijani yalisema ni zamu ya mtu yule.

"Nani anacheza?" nikauliza.

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo.

Alinieleza huku akitunga uzi sindanoni, na alikosea tundu mara nyingi. Kijana aliinunua kompyuta kwa mchuuzi wa vitu chakavu ambaye hakuonekana tena mtaani. Jioni moja, miaka mingi iliyopita, alikuwa anacheza, mama akaenda jikoni kumletea chai. Aliporudi, kiti kilikuwa bado na joto, mlango wa nje una komeo kwa ndani, na kijana hayupo. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mganga naye alikuja, akachungulia kioo, akaulizia viatu vyake. "Hata malipo yake hakudai," mama akasema. "Hapo ndipo nilipoogopa."

"Na miaka yote hii hujabonyeza?"

"Nibonyeze nimuue? Mimi mchezo siujui." Akasogeza kiti. "Mtazame anavyosimama."

Nikainama. Mtu yule mdogo alikuwa ameuegemea mguu wa kulia, wa kushoto ameulegeza. Katika mchezo ninaoujua mimi, watu wote husimama wima.

"Alivunjika mguu shuleni," mama akasema.

Nilipiga magoti nikafanya kazi yangu. Nilipokuwa nakaza waya wa mwisho nikasikia harufu. Waya ulioungua... na majivu yaliyolowa. Nikakagua nyaya zangu zote, hazikuwa na kasoro. Harufu ilikuwa inapita chini ya mlango wa stoo.

"Wewe unaujua," mama akasema nyuma yangu. "Anaweza kupona?"

Ningesema sijui, nikaenda zangu kula. Lakini mchezaji ukimwonyesha mchezo hawezi kufunga mdomo. Nikapiga hesabu. Kijana alikuwa na risasi moja. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua chache tu mbele yake. Njia ilikuwepo. Mahali pa jina la adui palikuwa patupu, na hilo sikulipenda.

"Anaweza," nikasema.

Mama akaweka sindano chini. "Macho yangu yanakwisha, fundi. Daktari ameniambia nijiandae. Nikipofuka, nani atamtazama mwanangu?" Akanisogezea kiti. "Bonyeza."

Nikabonyeza.

Mtu wa kwenye kioo akapiga hatua.

Pu... kwiii.

Sauti haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka nyuma ya ukuta, stoo. Mguu mmoja umekanyaga, mwingine umeburutwa. Mama akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yakampita vidoleni.

Kisha ikaja zamu ya yule mwingine. Nayo niliisikia. Sikuweza kujua ana miguu mingapi.

Nikabonyeza tena. Pu... kwiii. Nikafyatua ile risasi moja, ukuta ukatikisika, chokaa ikadondokea sare za watoto wa watu. Kile cheusi kikayumba. Nilijisikia bingwa. Jasho linanitoka, lakini moyoni nasema huyu kijana namtoa, namtoa leo.

"Mama," nikanong'ona. "Fungua stoo."

Alikuwa tayari ameshika ufunguo. Kufuli likaanguka. Nikabonyeza mara ya mwisho.

Mlango ukasukumwa kutoka ndani... taratibu.

Akatoka. Amekonda, nywele zimejaa majivu, amevaa shati lililochakaa mabegani. Alisimama mbele ya kamba ya sare na kuuegemea mguu wake wa kulia. Mama akataka kumrukia, lakini kijana akainua kiganja.

"Msisogee," akanong'ona. "Mama, tafadhali. Nimetoka nacho."

Katika mchezo ule, ukivuka mlango na adui yuko ubavuni mwako, anavuka nawe. Kila mchezaji anajua. Mimi nilikodolea macho mlango, nikasahau kutazama ubavu.

Kwenye kioo vifusi vilikuwa vitupu. Harufu ilijaa sebule nzima. Nyuma ya kijana, sare za shule zilikuwa zimebonyea kwa ndani, kana kwamba kuna mtu ameziegemea.

Kilikuwa kinasubiri. Zamu ilikuwa yetu.

Hatukuthubutu hata kukohoa. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa nje, ningeweza kutoka. Lakini yeyote atakayepiga hatua angekipa na chenyewe zamu, na kijana ndiye alikuwa amekipa mgongo.

"Humshika aliye karibu nacho zaidi," nikanong'ona. Nilikuwa najisemea mwenyewe, natafuta njia. Mama akasikia.

"Aliye karibu zaidi tu?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ndiyo, mama."

"Mama, hapana," kijana akasema.

Mama akapiga hatua. Hatua moja ndefu, magoti yakamlia, akajipenyeza kati ya mwanawe na zile sare, uso umeelekea kwazo.

Sare zikaachiliwa.

Sikuona kitu. Niliona kitambaa chake cha kichwani kikipepea, kana kwamba mtu anampumulia usoni. Mabega yake yakashuka. Harufu ikakatika palepale.

"Nendeni," akasema bila kugeuka. "Mimi kusubiri nimezoea."

Hajasema neno jingine tangu hapo.

Hospitali wanasema ni kiharusi. Siwabishii, wao ndio wenye mashine. Amelala chali, macho wazi, kidole hakisogei. Kijana ndiye anayemlisha kwa mrija, anamwogesha, anamsomea. Nilipokwenda kumjulia hali alinivuta koridoni. Akasema mama yake hajashindwa kusogea. Anakataa. Kile kitu kimo ndani, wanatazamana naye, na zamu ni ya mama. Asipoitumia, na chenyewe hakipati yake.

Nilimpa pole nikaondoka, na mpaka leo nikimkumbuka mama yule akiniambia nibonyeze, chakula hakipiti.

Jana mchana kijana alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Fundi, madaktari wanasema amepata nafuu. Amenitambua. Sasa hivi ameninyooshea mkono."

Kunyoosha mkono ni kutumia zamu. Nikamuuliza yeye mwenyewe yuko wapi.

"Niko hapa kitandani, karibu naye," akasema. "Nimemshika."