Mama Mkwe na Povu Kwenye Kompyuta Yangu

Naingia sebuleni, namkuta mama mkwe ameinamia kompyuta yangu na kitambaa chapachapa. Povu limejaa kwenye vitufe. Waya bado uko kwenye umeme.

Nikauchomoa mbio. Skrini giza.

Wadau, nikatazama saa. Saa nane nilikuwa na usaili wa kazi kwa video, kazi niliyoihangaikia mwaka mzima.

"Mama, unafanya nini?"

"Naisafisha, mwanangu. Ilishika uchafu."

"Kwa maji na sabuni? Hii ni sufuria?"

Akaendelea kufuta.

Mwenzenu nikawaka. Mimi naisafisha kwa brashi kavu na kuifunika kila nikimaliza, leo naoshewa kama sahani? Nikamtolea maneno ambayo mkwe haambiwi. La mwisho lilikuwa, "Bora urudi kwako."

Mume wangu yuko kochini, macho kwenye simu.

"Msamehe tu, ni mtu mzima," akasema.

Mama akaingia chumbani kufunga begi.

Nikaigeuza kompyuta kifudifudi dirishani ikauke. Kurudi kuitazama, nakuta sisimizi... mstari mzima, wanaingia katikati ya vitufe.

Jamani, sisimizi wanafuata sabuni tangu lini?

Nikanusa. Soda ya nanasi.

Mama mkwe ana kisukari, soda haigusi. Mimi sinywi. Mnywaji humu ndani ni mmoja.

"Mume wangu, njoo usalimie wageni wako."

Akawatazama sisimizi, akatazama mlango wa chumbani.

"Ilimwagika asubuhi," akasema. "Nilijua utafoka... nikamwomba mama aseme ni yeye. Nilidhani yeye hutamgombeza."

Mama akatokea na begi. "Nilitaka kuitoa ile soda, mwanangu. Ilikuwa inanata."

Nilipiga magoti pale pale. Kisha nikalirudisha begi chumbani mwenyewe.

Usaili niliufanyia kwenye simu ya mume wangu, kaishika yeye mpaka mwisho. Kazi sikuipata, na bado inaniuma.

Wadau, kitu kikimwagikia chombo cha umeme, zima, chomoa waya, kigeuze kichuruzike. Halafu mwambie mwenyewe ukweli saa ile ile. Angeniambia asubuhi, ningepata muda wa kuazima kompyuta kwa jirani.

Yangu bado iko kwa fundi. Mama ameishonea kifuniko kipya, kinaisubiri.

Mwanawe soda anaenda kunywea nje.