Mshono wa Wanjuhi

Siku ya soko mwaka 1958, mjini Kericho, Kipkosgei alishuka kwenye lori la kiwanda cha chai akiwa amebeba vitambaa vya gunia vingi hata haoni mbele. Akajikwaa kwenye ngazi ya duka, na mzigo wote ukaangukia cherehani ya Wanjuhi.

"Wewe! Hii ni baraza ama ni stoo yenu?"

"Pole, dada. Nilikuwa natafuta fundi."

"Umempata. Karibu umuue!"

Wanjuhi alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, na vidole vyake vilimshinda fundi yeyote wa mji ule. Hilo silisemi kwa kumpendelea. Vitambaa hivyo, vya kunyaushia majani mabichi ya chai, vilichanika kila wiki kwa uzito. Alivyoshona yeye havikuchanika tena. Kipkosgei akaanza kuvileta mwenyewe, kaptura imepigwa pasi, nywele zimechanwa.

"Hiki kimechanika wapi?"

"Bado. Lakini kitachanika tu, nimekuja mapema."

Wanjuhi akacheka hadi uzi ukamponyoka.

Baada ya miezi minne walipendana waziwazi. Ndipo tangazo likabandikwa kwenye ukumbi wa kiwanda: merikebu ya matanga, yenye milingoti mitatu, inataka vijana wa kujifunza ubaharia, kutoka Mombasa hadi Shelisheli. Mwombaji atume kazi ya mikono yake. Kipkosgei, ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni ya bwawa la kiwanda, akaomba, na akachukuliwa.

"Ulituma nini?" Wanjuhi aliuliza kwa fahari.

Kipkosgei akatazama viatu vyake. "Ule mkoba wa turubai ulionishonea."

"Ukasema umeushona wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nakupa zawadi, wewe unaifanya cheti! Tanga likipasuka huko baharini utaniita? Mimi hata Nakuru siendi bila kibali!" Ilikuwa kweli, ni wakati wa Hali ya Hatari, na Wakikuyu kama yeye hawakuruhusiwa kusafiri wapendavyo. Alilia kwa hasira, akakaa siku tisa bila kumtazama.

Siku ya kumi Kipkosgei alikuja na barua ambayo hajaifunga. Alikuwa amemwandikia nahodha ukweli wote.

"Soma kwanza, halafu niitume. Wakinikataa, basi."

Alitaka safari ile kuliko kitu chochote. Mimi nampenda kijana huyu kwa barua ile kuliko kwa yote aliyofanya baadaye.

Wanjuhi aliisoma, ikatumwa. Jibu likaja: afike, atajaribiwa sindano mkononi kabla ya merikebu kung'oa nanga. Zilibaki wiki tatu.

"Kaa hapa," Wanjuhi alisema, akimfunga kiganjani kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. "Leo hakuna maneno ya mapenzi."

"Hata kidogo?"

"Shona!"

Kila jioni Kipkosgei alishona, Wanjuhi akafumua bila huruma, kisha akampaka mafuta vidole vilivyochomwa. Siku ya mwisho Wanjuhi aliuvuta mshono wa Kipkosgei kwa nguvu zote, ukakataa kuachia. Asubuhi yake Kipkosgei alipanda treni ya Mombasa.

Miezi miwili ikapita. Simu ya maandishi ikamwambia Wanjuhi awe posta Jumamosi saa tano, apigiwe simu. Alifika saa tatu, amevaa gauni lile la manjano. Joab, karani, alipomwita, foleni nzima ikatega masikio.

"Haloo? Kip?"

"Mpenzi! Tumerudi Mombasa. Nilipanda mlingoti mpaka juu kabisa. Bahari ni kubwa, Wanjuhi, kubwa mpaka unaona haya kujisifu!"

"Na sindano je?"

"Nilipita. Halafu tanga kubwa likapasuka karibu na Shelisheli. Tulilishona watu wawili. Upepo ulipolijaza, likashika! Nahodha akaniuliza nani alinifundisha."

"Ukasemaje?"

"Hapo ndipo nimekosa tena. Nimemwambia uongo wa pili."

Wanjuhi akashika ukuta. "Kipkosgei!"

"Nimesema ni mchumba wangu."

Joab alinyoosha kidole kimoja: dakika moja imebaki.

"Wanjuhi? Uko? Nimwandikie barua nyingine, nimwambie ukweli?"

Alijifuta macho kwa ile kola nyeupe.

"Usimwandikie," akasema, na sauti yake ikafika hadi mlangoni mwa posta. "Njoo umwambie mama yangu. Hapo hautakuwa uongo tena."