Matairi Yasiyoteleza

Kila Jumamosi Nusaiba alikuwa na kazi zake, na alizifanya kwa mpangilio ule ule. Akitoka madrasa anafua sare za shule, anazianika, anafagia uwanja mpaka mbele ya mlango wa jirani ili kusiwe na maneno, halafu anajitanda ushungi wake wa kijani na kushika njia ya maktaba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kwao ni hapa hapa Kilwa Masoko, nyuma ya soko.

Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu. Chumba cha mbele vitabu, chumba cha nyuma kompyuta nne kuukuu zilizounganishwa kwa waya. Watoto walizipa majina ya sehemu za Kilwa ili wasigombane nani kakaa wapi: Kivinje, Nangurukuru, Somanga na Kisiwani. Kisiwani iliitwa hivyo kwa kuwa imejitenga kwenye kona, imegeukia ukuta. Nusaiba alikuwa mtu wa Somanga.

Aliyetunza maktaba ni Bi Mwahija, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, saa nzima ya kujifunza kuchapa, ndipo gemu. Ya pili, hakuna kuchomeka flashi kwenye kompyuta kabla hajaiona na kuikagua. "Kompyuta hizi ni vikongwe," alikuwa akisema. "Mkizilisha uchafu zitakufa, na mimi sina pa kupata nyingine."

Gemu waliyoipenda ilikuwa ya malori. Unapakia magunia, unapita njia ya tope na mabonde mpaka ghalani. Wanne wanaweza kucheza pamoja kwenye barabara moja, mmoja akikwama mwenzake anamwona anavyozungusha matairi. Watoto waliiita njia ya Likawage wakati wa masika.

Na katika njia hiyo hakuna aliyemweza Klementi.

Klementi alitoka Kipatimu, juu huko milimani, akaletwa Masoko kwa shangazi yake Stefania ili asome. Mjomba wake alikuwa utingo wa lori la kubeba ufuta, na Klementi amepanda lori lile tangu hajaota meno ya pili. Kwa hiyo tope alilijua kweli kweli. Penye mteremko hakanyagi breki. Penye dimbwi anapita polepole, kama anayemnyemelea kuku.

"Wewe mtu wa milimani, lori lako lina miguu nini?" Saad, mwenzao mmoja wa pale maktaba, alimtania.

"Lina akili," Klementi alijibu. "La kwako lina mwenye haraka."

Nusaiba alicheka na wenzake, lakini moyoni iliuma. Mara saba amechuana na Klementi, mara saba ameachwa topeni. Na sasa Bi Mwahija alikuwa ametangaza kwamba watoto wawili watakwenda Lindi kushindana na watoto wa maktaba nyingine. Saad alikwisha kupata nafasi yake. Nafasi ya pili ingeamuliwa Jumamosi ile, Nusaiba na Klementi, safari moja tu, wa kwanza kufika ghalani.

Hapo ndipo flashi ilipoingia.

Sikukuu ya Idi, Twalib, mtoto wa mjomba wake anayesoma chuo cha ufundi Lindi, alikuja kuwatembelea na kompyuta yake ya kubeba. Akamwonyesha Nusaiba kitu kinachoitwa modi. "Ni faili dogo tu," Twalib alimweleza. "Watu wanalitengeneza ili kuubadilisha mchezo. Kuna modi za rangi za lori, za honi, za barabara mpya. Unaanza hivi: kwanza unatoa nakala ya gemu nzima, ukiharibu uwe na pa kurudia. Pili unasoma maelezo. Tatu unaliweka faili kwenye folda yake, unafungua gemu, unaliruhusu. Kwisha."

Nusaiba alijaribu modi ya honi. Lori likalia kama basi linaloingia stendi, mpaka mama yake, Hamida, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Walicheka sana siku ile.

"Lakini sikiliza," Twalib akasema. "Ukicheza peke yako, badilisha utakavyo, hakuna wa kukuuliza. Ukicheza na wenzako, ama wote muwe na modi ile ile, ama wote msiwe nayo. Kila kompyuta inapiga hesabu zake. Zikitofautiana, mchezo unachanganyikiwa."

Nusaiba aliitikia ndiyo kaka, nimeelewa. Twalib akamwachia flashi yenye modi tano. Moja iliitwa matairi yasiyoteleza.

Jumamosi ile alifika maktaba mapema kuliko wote. Bi Mwahija alikuwa chumba cha mbele akipanga magazeti. Nusaiba aliamkia, akaitikiwa, akapita nyuma. Flashi ilikuwa ndani ya mkebe wa hesabu, chini ya bikari. Hakutoa nakala. Hakusoma maelezo. Alichomeka, akalisukuma faili la matairi mahali pake, akaliruhusu, akachomoa, yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Alijiambia, si nimebadilisha Somanga peke yake? Za wenzangu sijazigusa.

Wakaanza. Saad alikaa kwenye Kivinje, kompyuta iliyokuwa ikiongoza mchezo, awe mwamuzi. Klementi alikuwa Kisiwani, kaupa mgongo ukumbi.

Kwenye skrini ya Nusaiba mambo yalikuwa matamu. Tope halikumshika. Alipanda mlima kama anapita lami ya Nangurukuru. Nyuma yake aliliona lori la Klementi limezama bondeni, magurudumu yanazunguka bure. Akaingia ghalani.

"Nimefika!" alipiga kelele.

"Nimefika!" Klementi alipiga kelele wakati huo huo.

Wakageuka wakatazamana.

"Umefika wapi na wewe umekwama bondeni?" Nusaiba aliuliza.

"Nani kakwama? Wewe ndiye uliyekwama! Njoo uone, lori lako hili hapa, limesimama kwenye mti!"

Kabla Nusaiba hajainuka, Kivinje ilitoa maandishi mekundu, ikaganda. Kisiwani ikafuata, ikawa nyeusi kabisa. Saad, ambaye hakuwahi kuona nani kafika, alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Wapi.

Bi Mwahija aliingia miwani iko puani. "Mmefanya nini?"

"Klementi anasema uongo, Bi Mwahija," Saad alisema. "Anasema kafika, na mwenzake kamwona kakwama. Na jana nilimwona anachomeka flashi!"

"Ilikuwa kazi ya mwalimu wa historia," Klementi alisema. "Nilitaka kuichapisha. Wewe ulikuwa na wageni, Bi Mwahija, sikutaka kukusumbua."

"Ulinionyesha hiyo flashi au hukunionyesha?"

Klementi aliinamisha kichwa. "Sikukuonyesha."

"Basi ndiyo iliyoleta balaa hili. Na juu yake unaongeza uongo." Bi Mwahija hakuwa mkali kwa kawaida, lakini kompyuta mbili zilikuwa zimezimika mbele ya macho yake. "Hutagusa kompyuta hapa tena mpaka nizungumze na shangazi yako. Jumatatu saa tisa aje. Nusaiba, wewe utakwenda Lindi na Saad."

Klementi alibadilika uso. "Bi Mwahija, tafadhali. Shangazi alisema akiitwa tena kwa makosa yangu, ananirudisha Kipatimu. Na kweli nilifika. Nilifika ghalani."

"Tusome albadiri!" Saad aliropoka akicheka. "Mwenye kosa akijificha, tumbo linamvimba!"

"Isomwe," Klementi alisema. Yeye ni Mkatoliki, kisomo kile alikisikia kwa majirani tu, lakini hakutikisika. "Isomwe hata leo. Mimi siogopi."

"Hayo si ya kuchezea, Saad. Funga mdomo," Bi Mwahija alisema.

Nusaiba alikuwa ameushika mkebe wake kwa mikono miwili. Sentensi moja tu ingetosha. Akanyamaza. Na kimya kile alikibeba mpaka nyumbani.

Mama yake aliposikia habari ya Lindi alifurahi, akatoa kitambaa alichokuwa amekiweka sandukuni, akaanza kumshonea ushungi mpya wa safari. "Mwanangu dereva!" aliwaambia majirani. Wakaja kumpongeza. Nusaiba aliletewa wali na samaki wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, akala matonge mawili akasema ameshiba. Kila pongezi ilikuwa kama kupewa kitu cha mtu.

Jumapili alitumwa sokoni kununua nyanya. Alimwona Klementi anatoka kanisani, shati lake jeupe, amembebea shangazi yake ndoo ya mihogo. Nusaiba alitaka kupita upande wa pili. Klementi akamwita.

Alitarajia matusi. Angefurahi kama angetukanwa.

"Nusaiba, nikuulize kitu. Kwenye skrini yako, uliniona nimekwama kweli?"

"Nilikuona," alijibu. Na huo haukuwa uongo, ndiyo maana jibu lilimchoma zaidi.

Klementi alitua ndoo chini, akafikiri. "Basi labda niliona vibaya. Nilikuwa naitaka mno ile safari. Labda macho yangu yalinidanganya." Akaibeba tena ndoo. "Gari la Kipatimu linaondoka Jumatano. Ukifika Lindi, usikanyage breki kwenye mteremko. Ndiyo kosa lako kubwa."

Akaenda zake. Nusaiba alibaki amesimama juani, nyanya hajanunua. Kumshinda Klementi kwa hila lilikuwa jambo moja. Kumfanya mtoto mkweli asiamini macho yake mwenyewe lilikuwa jambo jingine, na hilo hakuweza kulimeza.

Jumatatu alipotoka shule hakupitia nyumbani. Alikimbia mpaka maktaba, lakini alikuta wamemtangulia. Stefania alikuwa amekaa kwenye benchi, khanga mabegani, uso umekunjamana. Pembeni yake Klementi, anatazama vidole vya miguu.

"Shikamoo Bi Mwahija. Shikamoo mama."

"Marahaba. Subiri nje, mwanangu, tuna mazungumzo," Bi Mwahija alisema.

"Nikisubiri nje nitakimbia," Nusaiba alisema.

Alifungua mkebe, akaitoa flashi, akaiweka mezani. Kisha akasema yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika: Twalib, modi, matairi, asubuhi ya Jumamosi. "Klementi hakusema uongo. Kompyuta yangu ilikuwa inaona yake na ya Klementi inaona yake. Mimi nilijua. Pale pale nilijua, nikanyamaza."

Stefania ndiye aliyetangulia kusema.

"Mimi nimemkaripia mtoto huyu siku mbili. Nimemwambia afungashe nguo." Alimgeukia Klementi. "Kwa nini hukubishana na mimi?"

"Nilikwambia, shangazi. Ulisema nyamaza."

Stefania alimvuta mtoto karibu, akamkung'uta vumbi begani, ingawa vumbi lenyewe halikuwapo.

Bi Mwahija alivua miwani, akaifuta. "Klementi, nisamehe. Flashi yako sikuikagua hata hapo nilipokuhukumu. Kosa lako lilikuwa dogo, nikakuongezea na la mtu mwingine." Kisha akamtazama Nusaiba. "Na wewe utatengeneza ulichoharibu. Sasa hivi."

Haikuwa rahisi, maana nakala hakuitoa. Wakampigia Twalib simu. Naye akasema, "Nilikwambia nini, Nusaiba?" Halafu akawaelekeza. Waliwasha upya Kivinje na Kisiwani, wakafuta gemu kwenye Somanga, wakachukua folda safi kutoka Nangurukuru, ambayo haikuguswa siku ile, wakaiweka upya kwenye kompyuta zote. Klementi alishika kipanya, Nusaiba alisoma majina ya mafaili. Mwanzoni hawakusemeshana ila kwa kazi. Walipofika Kisiwani, Klementi alisema, "Hiyo honi ya basi, unayo humo kwenye flashi?" Nusaiba akasema anayo. "Siku nyingine tuiweke zote nne," Klementi akasema. Ndivyo alivyomsamehe, bila kulitaja.

Jioni ile wakachuana tena. Nusaiba alijua nafasi ya Lindi si yake tena, na hakuiomba. Alikwama bonde la kwanza kabisa, akakanyaga breki kwenye mteremko, akazama mpaka milango. Saad, aliyekuwa ameitwa, akazunguka kompyuta moja baada ya nyingine akitazama. "Nusaiba kakwama hapa. Kakwama na hapa. Na huku kakwama!" akatangaza kwa furaha. Nusaiba akajikuta anacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Jumamosi. Klementi akaingia ghalani, na kwenye skrini zote nne aliingia kwa wakati ule ule.

Kabla ya kufunga mlango Bi Mwahija aliwaketisha watoto wote watatu.

"Nyinyi mnakula sinia moja kwenye shughuli," alisema. "Kila mtu ana upande wake. Sasa mmoja akimwaga pilipili upande wake kwa siri, akasema upande huu ni wangu, itakuwaje? Mchuzi hauna ukuta. Mwenzako atawashwa, naye hajui kilichomwasha. Ukila peke yako chumbani, tia pilipili mpaka ulie, shauri lako. Kwenye sinia unauliza kwanza: jamani, nitie? Wakikubali, tieni wote. Hizo modi si mbaya, na nitaziruhusu hapa, ila ziwe kompyuta zote au zisiwepo popote, na flashi ipitie kwangu."

Akamgeukia Nusaiba. "Wewe kwa mwezi mmoja utakuja kunisaidia kupanga vitabu, gemu hakuna. Kudanganya kwenye mchezo ulikosa, lakini mchezo tumeutengeneza saa moja tu. Uliponyamaza mwenzako akisingiziwa, hapo uliharibu mtu, na mtu hana folda safi ya kunakili. Siku nyingine ukikosea, sema siku ile ile. Kosa likilala, asubuhi utalikuta limekua."

"Nimesikia, Bi Mwahija," Nusaiba alisema.

Akaenda nyumbani moja kwa moja, akamkuta mama yake anamalizia pindo la ushungi mpya. Akakaa miguuni pake juu ya mkeka. "Mama," alisema, "weka sindano kwanza. Nina jambo la kukueleza."