Swali la Tatu la Bi Sindano

Bi Sindano, mashine ya saluni, alishuka kutoka darini bila kelele, mikono yake minane ikiwa imekunjwa, akasimama nusu shubiri juu ya paji la uso la Zamda. Jina lake la kiwandani ni mchoranyusi, lakini wanawake wa Chumbageni hawana muda na majina ya kiwandani. Kila mkono ulibeba sindano nyembamba kuliko unywele. Kazi ya sindano hizo ni kuchanja ngozi juujuu na kupanda wino hai pale ambapo nywele zimekataa kuota.

Zamda alizaliwa na uso mtupu. Shuleni walimwita Yai. Miaka miwili iliyopita, wiki ya harusi yake, aliletwa kwenye saluni hii hii akatoka na nyusi kama za watu. Leo amerudi kuongezewa, maana wino hai haukai milele: mwaka wa pili hupauka, chembe zake zikafa moja moja na kutoka na jasho.

Kusema kweli, hakurudi kwa urembo tu. Alirudi kwa sababu ya Hemedi.

Mumewe, fundi wa makuli wa chuma wanaopakua meli kule bandarini Tanga, alikuwa mwanamume wa ajabu. Siku shangazi yake Hemedi alipomtania Zamda mbele ya wageni, eti tumbo lake limelala usingizi gani huo, Zamda alicheka na wenzake mpaka mwisho. Hemedi akatupia jicho saa yake ya mkononi, akawasindikiza wageni kwa adabu, kisha akarudi akamwambia, "Lile neno limekuuma. Lia, mke wangu." Nani mwingine aliwahi kumjua hivyo? Hata mama yake mzazi hakumjua hivyo. Zamda alimpenda siku ile mapenzi ya kutetemeka.

Lakini miezi mitatu hii Hemedi amekuwa gogo. Siku ya hitima ya baba yake Zamda, mkewe akiwa hajiwezi kwa majonzi, yeye aliuliza mbona chai haina tangawizi. Zamda alijisaka makosa kila kona asiyaone. Basi juzi Hemedi alipomwambia, "Nyusi zimepauka, nenda kaongeze," alikubali mbio mbio, akidhani pengine uso wake ndio uliomchosha mumewe.

Alifuatana na somo yake, Bi Mwanamkasi, yule mama aliyemfunda na kumtoa ndani. Somo aliketi kwenye benchi karibu na mlango, kikapu chake mapajani.

"Maswali matatu kabla sijagusa ngozi," alisema Bi Sindano, kwa sauti safi ya mtangazaji wa redio. "La kwanza: una mimba, au unatumia dawa yoyote ya kulainisha damu?"

"Hapana."

"La pili: tone la majaribio nililokuwekea jana nyuma ya sikio, limevimba au limewasha?"

"Halikuwasha."

Maswali haya yalikuwa mageni kwake. Na angeyajuaje? Bibi harusi aliyewekwa ndani hafungui kinywa mbele ya watu. Siku zile zote somo ndiye ulimi wake. Mara ile Bi Mwanamkasi aliyajibu yote peke yake, Zamda akiwa bado anavuliwa buibui nyuma ya pazia.

"La tatu: taarifa za hisia ziendelee kwenda kwenye saa ya Hemedi Shekiondo, kama alivyoagiza somo yako?"

"Taarifa gani?"

Mashine haijafundwa kuficha. "Chembe za wino husikiliza misuli ya paji la uso na joto la damu," ilieleza. "Hutambua huzuni, hasira, hofu na furaha, hata kama uso unacheka. Mpokeaji huandikiwa neno moja. Chembe zako nyingi zimekufa. Taarifa ya mwisho ilikwenda miezi mitatu iliyopita."

Miezi mitatu! Zamda akaketi wima. Saa. Kila mara Hemedi alitazama saa kwanza, naye mjinga akidhani mumewe ni mtu wa kuheshimu wakati.

"Somo, ulijua?"

Bi Mwanamkasi alishika vishikio vya kikapu. "Mwanangu, nimekaa na mume miaka arobaini. Marehemu hakujua hata siku moja kama nina njaa au nina msiba. Nikasema wewe hapana, wewe utajulikana."

"Na Hemedi?"

"Tulikubaliana naye kabla ya ndoa. Tukaona tusikwambie, usije ukaona haya."

"Haya? Mmeniacha uchi miaka miwili, leo ndiyo mnaniogopea haya?" Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Mimi nikidhani napendwa, kumbe nasomwa!"

Somo aliinamia kikapu chake. Ndugu yangu msomaji, ukienda kuchanjwa nyusi, uliza yote: uliza dawa, uliza uvimbe, uliza zitakaa muda gani. Lakini ukiulizwa wewe, jibu kwa kinywa chako.

"Jibu la tatu?" Bi Sindano bado alikuwa anasubiri.

"Zima. Na usinichore."

"Chembe zilizobaki zitaisha baada ya siku kumi. Usizikwangue."

Njia nzima Zamda alikuwa anajiwekea nadhiri. Hemedi akinitazama usoni akaniuliza neno moja tu, *una nini*, nitamweleza yote na nitamsamehe. Aliirudia mpaka mlangoni, na moyoni alimwombea mumewe aweze.

Hemedi alirudi kula mchana. Alinawa, akaketi mkekani, akatazama saa yake. Akaigonga kwa kidole. Akaitikisa. "Bado haijashika," alinong'ona peke yake.

Ndipo akainua macho. Zamda alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile la siku ya shangazi, na kope zake bado zilikuwa na unyevu. Hemedi alimtazama, akasita, akamtazama tena.

"Naona leo umefurahi, mke wangu."

Zamda akamsogezea sahani ya wali kwa mikono miwili.

"Karibu," akamwambia, kama anavyokaribishwa mgeni.