Kopo la Samaki na Mgagani wa Bibi

Kila Jumamosi Joyness alifagia uwanja, akafua sare zake za shule, kisha akateka maji ya kutosha siku nzima. Mama yake, Flora, alikuwa fundi cherehani huko Somanda, mjini Bariadi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wateja walimjaa. Basi chakula cha mchana kilimwangukia Joyness, msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye kupika kulimchosha kuliko hesabu.

Ndiyo maana aliyapenda makopo. Mama aliweka kabatini makopo machache ya samaki wa mchuzi wa nyanya, akiba ya siku ambazo mvua inawazuia watu kwenda sokoni. Joyness hakungoja mvua. Kopo unalifungua, unalipasha, unakula. Huparui magamba wala hulizwi na moshi. Rafiki yake Gloria alizidi kumpamba. "Hapo sasa ndiyo unaishi kimjini," alimwambia. "Majani mimi nimewaachia mbuzi."

Alhamisi jioni wasichana hao walifungua kopo kubwa wakala nusu yake. Joyness akalifunika kwa kisahani, akalirudisha kabatini.

"Halitaharibika?" Gloria aliuliza.

Joyness alilinyanyua kopo na kuchungulia tarehe iliyopigwa chini yake. "Bado miaka miwili," alisema, nao wakaridhika. Kusoma walijua sana. Kwamba tarehe ile ilikuwa ya kopo lililofungwa, hilo hawakulifikiria hata kidogo.

Jumamosi mchana pikipiki ilisimama mlangoni. Bibi Nyanjige, mama mzazi wa Flora, alishuka taratibu na vumbi lote la kijijini kwao Nkololo miguuni. Mkononi alishika furushi la mgagani uliochumwa alfajiri, ungali na unyevu wa umande, na kidumu cha maziwa.

"Mwadila, bibi," Joyness alimwamkia akipiga goti.

"Mwadila, mjukuu wangu. Huu mgagani uchemshe, umwage maji, kisha uunge kwa maziwa haya. Uchungu wote utaisha. Mama yako aliupenda sana akiwa kama wewe."

Gloria alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliutazama mgagani, akamtazama Joyness, akacheka chinichini. Kicheko kile kidogo kilitosha. Joyness aliona aibu, tena aibu ya kijinga, ya kumwonea aibu mtu aliyembeba mgongoni. Alilichukua furushi pamoja na kidumu, akavisukuma stoo nyuma ya gunia la mahindi.

Gloria alipoondoka, Joyness alisonga ugali, kisha akalitoa kopo kabatini. Alipoondoa kisahani, harufu kali ilimpiga puani. Alisita. Akaikumbuka tarehe. Akakata kitunguu, akaongeza pilipili, akapasha juujuu. Samaki wenyewe walitosha sahani moja, na sahani ya kwanza ni ya mgeni. Yeye akala ugali kwa maharage yaliyobaki jana.

Bibi alimega tonge, akachovya, akatia kinywani. Akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amepiga goti na birika la maji ya kunawa. Kisha akaendelea kula taratibu, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Wabeja, mjukuu wangu," alishukuru.

Kabla jua halijazama, bibi alianza kutapika. Tumbo lilimkata, akaharisha mpaka miguu ikakataa kumbeba. Flora aliacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akaja mbio, wakampakia kwenye bajaji. Hospitali walimtundikia dripu. Mishipa yake ilikuwa imenywea hata muuguzi akahangaika kuipata.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza.

Flora alimgeukia binti yake. Joyness angeweza kusema ugali na maharage, na nani angejua? Lakini alimwona bibi amefumba macho, midomo imekauka, akaogopa kwamba hatayafumbua tena. Akaeleza yote: kopo la Alhamisi, harufu, pilipili. Hakuacha kitu. Flora hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi akampa mgongo, na Joyness angeona afadhali fimbo.

Asubuhi bibi alifumbua macho. Sauti yake ilisikika kwa shida.

"Mayu, ile harufu hukuisikia?" Flora alimuuliza mama yake.

"Niliisikia," bibi alijibu. "Nikasema labda vyakula vya mjini ndivyo vinavyonukia. Halafu amenipikia mjukuu wangu. Nitakirudishaje chakula cha mjukuu wangu?"

Joyness alitoka nje akalia.

Waliporudi nyumbani siku ya tatu, stoo ilikuwa inanuka. Mgagani ulikuwa umegeuka ute mweusi, na kidumu cha maziwa kilikuwa kimevimba. Flora alivitoa vyote akaviweka mbele ya binti yake.

"Tazama vizuri," alisema. "Kopo halina kosa. Likifungwa linakaa miaka, na siku ya mafuriko litakuokoa. Lakini ukishalifungua, ni chakula kama chakula kingine. Joto hili la kwetu halisomi tarehe. Na hiki kibichi kina nguvu mwilini na utamu wake, ila hakingoji mtu. Kinataka mikono siku ileile. Wewe ulitaka kisichokuchosha, ukaharibu vyote viwili. Na pua yako ilikwambia, ukaizima kwa pilipili. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nisamehe, mama."

"Kamwombe bibi yako."

Bibi alikwisha kumsamehe kabla hajaombwa. Alipopata nafuu akarudi kijijini, akaja tena mvua zilipokatika, amekonda, gauni linampwaya, na furushi jingine la mgagani na kidumu cha maziwa mkononi. Gloria alikuwepo siku hiyo pia. Joyness alimpa fungu la mgagani achambue naye. Aliuchemsha, akamwaga maji, akauunga kwa maziwa mpaka nyumba nzima ikanukia. Akapiga goti, akamwekea bibi sahani.

Bibi alitabasamu, akamega tonge, akachovya. Lakini kabla ya kulitia kinywani, alilisogeza puani akalinusa.

Hakukusudia ubaya, na pengine hata mwenyewe hakujua kwamba amenusa. Joyness aliona, akainamisha kichwa.