Kiti Kilichonunuliwa kwa Jina la Corinne

Kila siku ya shule, basi la manjano lilimshusha Corinne Tackett mbele ya nyumba yao, kando ya barabara ya Harlow Creek, katika milima ya Kentucky. Naye, kabla hajautua mkoba mgongoni, hulifungua sanduku la barua lililosimama juu ya nguzo yake. Kazi hiyo alikabidhiwa na mama yake, Lorna, tangu alipotimiza miaka tisa: bili ziende mezani, matangazo ya maduka yaende kikapuni, kadi za sikukuu zibandikwe kwenye mlango wa friji. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na barua zenye jina lake mwenyewe angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwezi wa Septemba mambo yakageuka. Kwanza benki moja ilimwandikia “Bi. Corinne Tackett”, ikimsihi apokee kadi ya mkopo. Mama na binti wakacheka hadi wakashika mbavu.

“Bi. Tackett, gari langu utaninunulia lini?” Lorna akamtania.

“Subiri kwanza nifaulu hesabu za sehemu,” Corinne akajibu.

Barua ya pili haikuchekesha. Ilitoka kwa wakala wa kukusanya madeni, nayo ilisema kwamba Bi. Corinne Tackett alichukua kwa mkopo, katika duka la samani, televisheni kubwa na kiti cha ngozi cha kujilaza, wala hajalipa hata mara moja tangu mwezi wa Juni. Akizidi kunyamaza, atashtakiwa.

Lorna, ambaye alikuwa ndiyo kwanza atoke kazini hospitalini, aliisoma akiwa amesimama. “Kiti cha ngozi,” akasema polepole. “Cha kahawia. Chenye tundu la kuwekea kikombe.”

Wote wawili walikifahamu kiti hicho. Kilikuwa sebuleni kwa Bibi Opal, ambako Mjomba Dwight, kaka yake Lorna, alikuwa akiishi. Kila Jumapili baada ya kanisa, mjomba humketisha Corinne humo kwa mbwembwe, “Karibu kwenye kiti cha enzi, malkia!” kisha humpa bakuli la bisi zilizochuruzika siagi. Jumapili iliyopita Corinne alisinzia humo, shavu lake limelalia ile ngozi. Na alipoamka alisema asante.

Sasa ladha ya siagi ile ilimpanda kooni. Aliingia bafuni akanawa uso, kisha akalisugua tena lile shavu moja.

Lorna alimpigia simu wakala. Anwani iliyoandikwa kwenye mkataba ilikuwa ya Bibi Opal.

Walipofika huko, Bibi alikuwa jikoni akigeuza mkate wa mahindi, na Mjomba Dwight amejinyoosha kitini, miguu juu, kikombe kimo tunduni.

“Malkia! Njoo, kiti chako nimekipasha moto.”

“Sikai hapo,” Corinne akasema.

Lorna akaiweka barua mapajani mwa kaka yake. “Dwight, hiki nini?”

Dwight akaisoma, akaikunja, akanywa funda moja la kahawa. “Aa, Lorna na wewe! Ndicho kilichokukimbiza hapa? Unajua jina langu limeshachafuka, kila duka linanifukuza. La mtoto safi, limekaa tu bure. Nimeliazima.”

“Umeliazima kwa nani? Nani alikupa?”

“Halitumii huyu mpaka afike kumi na minane! Miaka sita mizima. Ningeshamaliza kulipa, tena angenishukuru kwa kumjengea sifa.”

“Kwa hiyo, Mjomba,” Corinne akauliza, “ulikuwa unanikaribisha kwenye kiti changu mwenyewe?”

Dwight akaangua kicheko. “Unaona? Mtoto ana akili! Si nilikwambia ni cha malkia?”

Kicheko hicho kilimtia Corinne kinyaa kuliko barua. Kilikuwa kicheko cha mtu anayefuta mikono yenye uchafu kwenye nguo yako, kisha akakupiga bega kana kwamba mmetaniana.

Bibi Opal alitoka jikoni akijipangusa kwa aproni. Alikwishasikia yote. “Lorna, mwanangu, tuyamalize humu humu ndani. Ni kaka yako huyu. Ukimpeleka polisi, Jumapili tutaingiaje kanisani?”

“Mama, nisipotoa taarifa nikamtaja aliyefanya hivi, deni halimtoki mtoto. Atataka mkopo wa chuo, atakutana nalo. Atataka kupanga nyumba, atakutana nalo. Nani atamwambia, wewe au mimi?”

Corinne aliona macho ya bibi yake yakimwendea Dwight, yamejaa huruma, akaogopa. Alijua kwamba neno moja la Bibi laweza kumzuia mama yake.

“Bibi,” akasema, “mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Namba yangu aliitoa wapi?”

Namba hiyo ya tarakimu tisa hupewa mtu na serikali angali mchanga, nayo humfuata hadi kaburini; bila hiyo hakuna duka linalomkopesha. Mwenye kuijua anaweza kujifanya yeye. Katika ukoo wa Corinne, kama katika koo nyingi za bonde lile, kadi zenye namba hizo zilihifadhiwa ndani ya Biblia kubwa ya nyumba, pamoja na orodha ya waliozaliwa na waliokufa. Hakuna aliyefikiri kwamba mahali hapo pahitaji kufuli.

Bibi aliifungua Biblia juu ya meza, apate kuonyesha kwamba kila kadi ipo. Ya Corinne ilikuwapo kweli, katikati ya Zaburi. Lakini ukurasa ulioigusa ulikuwa na doa la mafuta, la manjano, limepenya kurasa tatu, na pembeni yake alama ya kidole gumba. Lilinuka siagi ya bisi.

Bibi alijaribu kulifuta kwa pindo la aproni. Doa likatanda.

“Mwezi wa Mei ulikiomba Kitabu hiki,” akasema bila kugeuka. “Ukajifungia nacho chumbani. Mimi nikapiga magoti pale jikoni, Dwight. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu amerejea kwake.”

Dwight akaitazama televisheni.

“Kumbe unatafuta namba ya mtoto. Na mikono hujanawa.”

Uso ulimkunjamana Bibi kama aliyetia kinywani kitu kilichooza. Kisha akaivua aproni. “Lorna, washa gari. Nitawaeleza mimi mwenyewe.”

Taarifa ya polisi iliandikwa jioni ile ile. Kesho yake Lorna aliandaa bahasha tatu, kwa kuwa ofisi kubwa zinazotunza taarifa za mikopo ya watu wote nchini ni tatu. Kila moja aliitia nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Corinne, ya kadi yake, na ya leseni ya udereva ya mama, pamoja na barua ya kuomba taarifa za mtoto zifungwe. Zikifungwa, mkopeshaji mpya hawezi kuzitazama. Na asipotazama, hakopeshi.

“Bei gani?” Corinne akauliza, akilamba gundi ya bahasha.

“Bure. Ningeweza kuzifunga siku uliyozaliwa. Sikufanya, kwa kuwa nilidhani mwizi lazima atoke nje.” Siku hiyo hiyo Lorna akazifunga na za kwake mwenyewe.

Duka lililifuta jina la Corinne katika mkataba, na lori likaja kuchukua televisheni na kiti. Hakimu alimwamuru Dwight alipe, tena afagie barabara za mji kwa miezi mitatu. Kwenye zulia la Bibi yakabaki mashimo manne ya miguu ya kiti.

Mwezi wa Januari ilipofika barua ya tatu ya kuthibitisha kwamba taarifa zimefungwa, Corinne aliipeleka kwa Bibi, akamkuta akizihamisha kadi zote kutoka katika Biblia na kuzitia katika sanduku la chuma.

“Bibi, nikimwona Mjomba bado nasikia kichefuchefu. Ni dhambi?”

“Kuchukizwa na uchafu si dhambi, mjukuu wangu. Dhambi niliikaribia mimi, nilipotaka kuufunika uchafu kwa sababu ni wa mwanangu. Nitamwombea, na chakula nitampa. Lakini jina lako ni amana tuliyokabidhiwa kabla wewe hujajua kulitamka, na amana hulindwa hata mbele ya tunaowapenda. Wewe nawe ukikua, usimwonee haya mtu yeyote kwa kulifungia mlango jina lako.”

Akamkabidhi ufunguo. Corinne alikwenda kwanza kunawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akaitia kadi yake sandukuni na kulifunga.